Mbuzi Mmoja na Motokaa ya Safari



Jioni moja mama mmoja wa hapa Babati alinijia ofisini, amebeba kasha chini ya kanga kama mtu aliyeficha kitu cha wizi. Tulipokwisha kuamkiana aliliweka mezani akasema, "Bwana Karani, wewe ulisomea ualimu. Hebu nisaidie. Mwanangu ameuza mbuzi aliyeachiwa na marehemu baba yake, akanunua hivi. Je, mtoto huyu ni mzima?"

Nikafungua kasha. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki nyeupe vilivyoshikamana katika vijiti vyao kama majani ya mkwaju, na juu ya kasha picha ya motokaa ya Datsun 240Z. Kando yake palikuwa na kifuko kidogo chenye vipande vingine vya rangi ya malai, vizito kidogo, bila picha yo yote. Nilimwambia, "Mama, nitakuja nimwone mwenyewe, nimpime."

Nawaelezeni leo yaliyotokea, kwa kuwa najua katika nyumba nyingi wako vijana wa namna hii, na wazazi wenye swali kama la mama huyu. Tena, katika habari hii aliyekosa si yule niliyetumwa kumpima.

Kwanza yafaa mjue kazi yenyewe. Viwanda vya Japani, Ulaya na Marekani hutengeneza motokaa ndogo za plastiki za kuunganisha kwa mkono, kila kipimo kimepunguzwa kwa hesabu moja. Wakisema 1 kwa 24, maana yake kila milimita 24 za motokaa ya kweli zimekuwa milimita 1. Datsun 240Z ya kweli, toka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma, ina milimita 2,305. Gawanya kwa 24, utapata milimita 96. Chukua rula, pima ile ndogo; ikiwa fundi wa kiwanda ni mkweli, utaziona 96 zako.

Lakini kiwanda hakiwezi kutoa kila namna ya motokaa. Kalibu ya chuma ya kutengenezea plastiki ni ghali mno, na hapana budi wauze maelfu kwa maelfu ndipo fedha yao irudi. Basi hapo huingia mafundi wadogo, wengine wakifanya kazi katika chumba kimoja nyumbani kwao. Fundi huyo huchonga kipande cha asili kwa mkono, kisha hukimiminia mpira wa silikoni ulio majimaji. Mpira ukiisha kuganda, huwa kalibu. Ndipo huchanganya maji ya namna mbili, akayamimina ndani. Maji hayo hupata moto yenyewe, na baada ya dakika chache huwa kitu kigumu. Kitu hicho ndicho rezini. Kalibu ya mpira haidumu. Hutoa makumi machache ya vipande, kisha huchanika. Kwa hiyo seti hizi ni chache na bei yake si ndogo. Kazi yake ni kugeuza: huchukua motokaa ya kasha la kawaida, huondoa baadhi ya vipande vya kiwanda, na mahali pake huweka vya rezini, ili upate motokaa ambayo kiwanda hakukusudia.

Neno hili la rezini lisiwatishe. Watu wa pwani waijua sandarusi, utomvu wa mti uliogandamana ardhini, ambao katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem huko Marekani waliununua Unguja kwa kutengenezea vanishi. Rezini ya seti hizi haitoki mtini bali hutengenezwa kwa kemikali, walakini kwa tabia ni ndugu wa sandarusi: kwanza maji, mwisho jiwe.

Sasa, kijana yule aligeuza nini? Motokaa ya kasha lake ilikuwa ya kutembelea mjini, chini chini, safi, ya bwana mwenye fedha. Yeye hakuitaka hiyo. Alitaka ile ya mashindano ya Safari.

Wazee wetu wayakumbuka mashindano hayo. Yalianza mwaka 1953, yakaitwa Coronation Safari, kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani mvua za masika zinapokuwa zimeshika, na barabara ni tope tupu. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni motokaa 7 tu zilizofika mwisho.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11 ubavuni. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye katika Datsun 240Z vilevile. Mwaka 1973 Mehta alishinda, akiwa na Lofty Drews, kwa namna ya ajabu kabisa: yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na alama za adhabu sawasawa, ikabidi itazamwe ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Akaonekana ni Mehta. Bwana huyo alishinda tena mara 4 mfululizo, toka mwaka 1979 hata 1982. Siku hizi mashindano hayo hufanyika Kenya peke yake, na mwaka 2021 yalirudishwa katika ubingwa wa dunia.

Motokaa ya namna hiyo haifanani na ya mjini. Imeinuliwa juu ili isigonge mawe, na springi zake ni ngumu. Ina taa za nyongeza mbele, na mipira ya kuzuia tope nyuma ya magurudumu. Boneti imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, jua lisimrudie dereva machoni. Baadhi ya motokaa za Safari ziliwekewa vishikio nyuma, ili mwenzake dereva apande na kuongeza uzito zikikwama katika tope. Haya yote ndiyo yaliyokuwa katika kile kifuko kisicho na picha: springi ndefu, taa, magurudumu, viti, na vishikio vidogo kama miguu ya panzi.

Basi nilikwenda nyumbani kwao siku ya Jumamosi. Kijana ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na mchana hujifunza kazi katika gereji moja ya hapa mjini. "Shikamoo, mwalimu," akaniambia, akanipa kiti. Mezani palikuwa na rula ya chuma, tupa ndogo, msasa, na msumeno mwembamba. Palikuwa na daftari pia, nami nikalichukua. Kila ukurasa ulikuwa umeandikwa vipimo: kipimo cha motokaa ya kweli mkono wa kushoto, kilichogawanywa kwa 24 mkono wa kulia. Katika ualimu wangu wa mazoezi sikupata daftari la hesabu safi kama lile. Ilinipasa nirudi kwa mama yake saa ile ile, nimwambie, "Mtoto wako ni mzima." Lakini mimi nilitaka kuonyesha kwamba najua.

Alikuwa amefika mahali pa kukata vishikizo vya springi chini ya motokaa, ili aweke zile ndefu za rezini. Alikuwa amechora mstari kwa penseli, na juu ya mstari ameweka utepe wa gundi. Nikasema, "Lete nikuonyeshe. Chuoni tulifundishwa kazi za mikono." Akasita. Kijana wa kwetu hawezi kumwambia mtu mzima kwamba hamwamini. Akanipa msumeno.

Nilikata viwili vizuri. Cha tatu nilikata upande usiopasa wa mstari. Ilikuwa milimita 2 tu. Nikasema, "Si kitu, ni mbili tu." Kijana hakujibu. Alichukua daftari lake, akaandika 2 mara 24, akanionyesha jibu: 48. Milimita 48 katika motokaa ya kweli ni upana wa vidole vitatu. Akaweka springi zote nne, akaishusha motokaa juu ya kioo. Ikainama mbele kushoto, kama ng'ombe aliyechomwa mwiba.

Ndugu msomaji, nilikaa kimya nikiutazama mbuzi wa marehemu. Mimi niliyetumwa kutazama kama mtoto anapoteza mali, ndiye niliyeipoteza. Tena mama yake alikuwa jikoni, ananichemshia chai ya heshima.

Nilitoka nikamwambia yote. Naye alinitazama kitambo, kisha akasema, "Haya, Bwana Karani. Sasa mko wawili." Hakusema zaidi, na chai alinipa.

Lakini yaliyofuata ndiyo ninayotaka mjifunze. Kijana hakutupa kitu. Alichukua vile vijiti vilivyoshika vipande katika kasha, ambavyo watu wengi huvitupa, akakata kijipande, akakisugua kwa tupa hata kikawa na milimita 2 na kidogo zaidi. Akakigandisha mahali nilipoharibu, akaacha usiku kucha, na asubuhi akapunguza ile ziada hata mstari ukarudi. Akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, huwa nakata nje ya mstari kwanza, kisha nafuata kwa tupa. Ukibakiza unaweza kupunguza. Ukipunguza huwezi kurudisha bila kidonda." Nimelisikia neno hili kwa mafundi seremala, nimelifundisha mwenyewe darasani, lakini siku ile nililielewa.

Basi kama wewe au mtoto wako anaipenda kazi hii, shikeni mambo haya niliyoyaona kwake.

Kabla ya kununua seti ya kugeuzia, ulizeni kama kiwanda chenyewe kimekwisha kutoa motokaa hiyo. Kampuni ya Hasegawa ya Japani, mathalani, imetoa Datsun 240Z ya Safari ya mwaka 1971 nzima katika kasha moja, kwa kipimo hiki hiki cha 1 kwa 24. Kijana hakujua, maana kasha lake lilikuwa la zamani, alilipata kwa mtu. Angalijua, huenda asingaliuza mbuzi mzima. Naye aliposikia alicheka, akasema kwamba hata hivyo asingalijifunza kugeuza.

Vipande vya rezini vioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kuwa hutoka katika kalibu vimepakwa dawa ya kuteleza, na juu ya dawa hiyo rangi haishiki. Kilichopinda kitiwe katika maji ya moto mpaka kilegee, kinyoshwe, kisha kitiwe katika maji ya baridi. Vitundu vidogo vya hewa vizibwe kwa puti.

Gundi ya plastiki haiwezi kushika rezini, kwa sababu gundi hiyo hufanya kazi kwa kuiyeyusha plastiki yenyewe, na rezini haiyeyuki. Tumieni supagluu, au gundi ile ya kuchanganya namna mbili. Tena jaribuni kipande mahali pake bila gundi mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Tena liko jambo moja nililomkemea, na hapo nilikuwa na haki. Alikuwa akisugua rezini kwa msasa mkavu ndani ya chumba, na mdogo wake wa miaka 3 amelala kitandani. Vumbi la rezini ni laini mno, huingia mapafuni na kudhuru. Msasa utiwe maji, mtu avae barakoa, na kazi ifanyike nje au penye dirisha wazi, mbali na watoto. Meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe. Wale wanaomimina rezini wenyewe wajihadhari zaidi, maana mvuke wa yale maji mawili waweza kumletea mtu ugonjwa wa pumu. Kijana alitoka nje siku ile ile, akahamia chini ya mwembe.

Baada ya wiki 5 motokaa ilikwisha. Nyekundu, boneti nyeusi, namba 11, taa zake zimekaa sawa, imesimama juu ya magurudumu manne bila kuinama. Mimi mwenyewe, nikitafuta kile kidonda, sikukiona mpaka aliponionyesha. Tukampelekea mzee mmoja jirani, ambaye ujanani alikuwa utingo na halafu fundi wa malori katika barabara hii yetu ya kaskazini, na aliyasimulia sana yale mashindano ya miaka ile yalipokuwa yakipita huku kwetu.

Mzee aliiweka juu ya kiganja, akaigeuza, akatazama chini kwenye springi. Akasema, "Kazi nzuri. Lakini motokaa hii haijafika kwetu."

Kijana akauliza, "Kwa nini, Babu?"

"Ni safi. Mimi nilisimama njia ya Magara usiku kucha na mvua. Rangi sikuiona hata moja. Niliona taa, na nyuma ya taa niliona tope linakimbia. Halafu uliniambia mwalimu aliikata ikainama? Hukupaswa kuirekebisha. Zote zilizopita pale zilikuwa zimeinama." Akacheka mpaka akakohoa, nasi tukacheka.

Asubuhi yake kijana alichukua udongo mwekundu wa njiani, akauanika, akautwanga katika kikombe, akaupitisha katika kitambaa cha shela mpaka ukawa kama unga wa poda. Akauchanganya na vanishi isiyong'aa, akapaka chini ya milango, nyuma ya magurudumu na juu ya kioo, akaacha sehemu mbili tu safi mahali vifutio vinapopita. Ile nyekundu aliyoipaka kwa tabaka 4, kwa siku 4, akaifunika karibu nusu. Nilimwuliza kama hakuona uchungu. Akasema, "Rangi ilikuwa ya kwenye kasha. Udongo ni wa kwetu." Aliporudi nayo, mzee aliitazama muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza kama angeweza kukaa nayo mpaka Jumapili.

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Mzazi afanye nini akiona fedha zimegeuka vipande vya plastiki? Mimi nasema, msitazame kitu, mtazameni mtoto akiwa kazini. Je, anapima, au anakisia? Akiharibu, anatupa na kuomba fedha nyingine, au anatengeneza? Ameanza mangapi, na amemaliza mangapi? Watoto wetu wa Babati tangu zamani huunda motokaa za waya na magurudumu ya kandambili, wakazisukuma mpaka ziwani, wala hakuna anayewauliza kama ni wazima. Hii ni kazi ile ile, ila hesabu yake ni kali zaidi. Mwenye gereji amekwisha kuliona daftari lile, naye sasa humpa kijana kazi za kupima ambazo zamani hakumpa.

Lakini na wewe kijana unayesoma, usifurahi upesi. Mbuzi yule alikuwa wa nyumba, hata kama aliachiwa kwa jina lako. Kuuza bila kumwambia mama yako lilikuwa kosa, na uzuri wa motokaa haulifuti. Nilimwambia hayo mbele ya mama yake, naye akaomba radhi. Wamepatana kwamba katika posho yake ya gereji ataweka akiba kila mwezi mpaka anunue mbuzi mwingine, na kwamba hakuna seti ya pili kabla ya hapo. Mimi nami nilikuwa na deni langu la milimita 2. Nimemnunulia tupa mpya, na akiba ya mwezi wa kwanza nimeitoa mimi.

Motokaa mpaka leo iko kwa mzee. Jumapili tatu zimekwisha kupita.